Mizani Mbili za Akiba

Afisa utamaduni kapanda ngazi na bahasha:
Siku ya Mashujaa, uwanja wa Tangamano,
wanataka beti tano kutoka kwa fundi cherehani
wa Barabara ya Kumi na Nne.
Vina viwe kamili, kasema. Mizani nane kwa nane.
Na dakika tatu tu, maana kuna bendi.

Nane kwa nane naijua. Nimewapima
watu wa Ngamiani kwa futi hii ya manjano
tangu namba zake zilipokuwa zikisomeka.
Nakijua kiuno cha bwana harusi anayebana pumzi.
Najua sanda haina kiuno.

Nikaanza:

    Ulitoka Ngamiani, ukiwa juu ya lori,
    Shati lipo cherehani, mkono lausubiri,
    Mama yuko mlangoni, kila honi yu tayari,

Mstari wa nne nikakuita kwa jina lako lote,
kama lilivyoandikwa kwenye kadi ya kliniki:

    Hemedi Mhina Sheka,

nikakwama. Nahesabu kwa vidole, nane zimekwisha,
na *laghe* imebaki nje,
miguu miwili ya babu inaning'inia nyuma ya lori.

Hemedi Mhina Shekalaghe. Kumi.
Nikate wapi?
Nikitoa Mhina nimemtoa baba,
aliyekulipia karo kwa machungwa ya Muheza, debe kwa debe.
Nikitoa Shekalaghe, Usambaa wote utanipa mgongo.
Nikikuacha Hemedi mtupu, watasimama akina Hemedi sita
pale uwanjani, na kila mmoja ana haki.

Jeshi lilikwisha kukata. Barua ya mwaka sabini na tisa
inasema H, nukta, M, nukta,
kisha namba ndefu kuliko mtu.
Namba hiyo hakuna aliyesema imezidi.

Mama hakujua kusoma. Aliuliza hivi tu:
"Wamemwandika mzima?"
Nikasema, mzima.
Uongo huo nimeuvaa mpaka leo, unanibana kwapani.

Kuna na mengine, hayana kina:
ulikoroma. Ulimwogopa kinyonga.
Ulikopa shilingi ishirini kwa Mbaruku wa duka la taa,
nikalipa mimi, hakutaka kuzipokea, nikaziacha juu ya mizani yake.
Lori lenyewe lilikuwa la shamba la mkonge,
nyuzi bado zimenasa kwenye mbao,
nawe ukawa unazing'oa, uzi mmoja, mwingine,
hukunitazama, kana kwamba
kazi waliyokuitia ilikuwa hiyo.

Kaboya sijafika. Wanasema makaburi yamepangwa safu,
yote kimo kimoja.
Nani aliwapima?

Shati lako nililikata wiki ile ile uliyoitwa.
Kumi na tisa, mifupa bado inakwenda,
nikaacha pindo nene ndani ya kila mkono,
maana mtu anayekua hashonewi kamili:
humwachii akiba, umemshonea utoto.
Pindo halijafumuliwa. Nimeligusa asubuhi hii,
kitambaa cha ndani bado kina rangi yake,
bluu ambayo nje ilikwisha kupauka.

Basi nimeandika ubeti mmoja, si mitano,
na mstari wa nne umezidi.
Wajuzi wa Chumbageni watahesabu kwa vidole,
watanong'onezana: guni.
Waseme. Najua nilipozidisha.

    Ulitoka Ngamiani, ukiwa juu ya lori,
    Shati lipo cherehani, mkono lausubiri,
    Mama yuko mlangoni, kila honi yu tayari,
    Hemedi Mhina Shekalaghe,

Baada ya mkato huo sikuandika kitu.
Nitanyamaza hapo, mizani nane nzima,
kisha ninywe maji.
Bendi isubiri.