Mstari Mmoja

Afisa alinisukumia fomu mezani.
Jina: Mbodze Kalume. Wadi. Tarehe ya kuanza.
Na chini kabisa, kabla ya sahihi:
Taja ujuzi ulioupata.
Mstari mmoja. Nikaupima kwa jicho.
Hata bisibisi haingelala pale.

Nianzie wapi, bwana?
Tulikuwa wanagenzi wanane kwa Fundi Tsuma,
kule Maweni, nyuma ya kinu cha unga.
Mwezi wa pili tukabaki watano,
maana posho ya mafunzo ilikuwa ikija
kama mgeni anayesema yuko njiani.
Bwanadi akaenda kuuza simu.
Luganje akashika rungu, analinda nyumba ya Mtaliano.
Wa tatu hatukuwahi kumjua vizuri;
aliacha kofia yake msumarini,
ipo hadi leo, hakuna anayeivaa.

Siku ya kwanza hatukupewa chombo.
Fundi aliwasha friji kuukuu, akasema, "Sikilizeni,"
akaenda zake kunywa chai.
Tukaisikiliza mpaka adhuhuri, kama wajinga.
Aliporudi akauliza: imekohoa mara ngapi?
Swabra peke yake alikuwa amehesabu.

Nikajifunza shaba:
ukiikunja kwa hasira inabonyea,
ukiikunja kwa woga haikunjiki.
Nikajifunza moto,
kwamba mrija ukifika wekundu wa achari
lehemu huingia yenyewe, huhitaji kuibembeleza.
Nikajifunza povu la sabuni.
Unalipaka kwenye kiungo, unatulia,
na ile gesi isiyoonekana wala kunusika
inapuliza kibofu kidogo,
inajitaja: niko hapa, natoroka.

Nikajifunza chumvi,
ambayo haimo katika daftari lolote la mafunzo.
Viyoyozi vya hoteli za ufuoni,
mapezi yake ukiyagusa yanakuwa unga.
Mwezi wa tano, wageni wakishaondoka,
sisi ndio tunaanza kupanda mapaa.

Halafu friza ya Mama Nyevu, Mayungu.
Kiungo kile nilikichoma mimi,
Ijumaa jioni, na harusi ya binamu yangu inaningoja.
Povu sikupaka.
Nilisema nimepaka.
Jumatatu kilo arobaini za tafi na changu, na pweza mmoja,
zilikuwa zimelegea, na harufu imeshatoka barabarani.
Fundi hakunifokea. Alinipa jembe.
Nikachimba shimo nyuma ya nyumba,
mwenyewe amesimama, leso puani,
anataja bei ya kila ndoo, polepole,
mpaka shimo likajaa.
"Sasa mwambie," Fundi akasema.
Mama, sikupaka sabuni.
Maneno matatu. Nimewahi kubeba kompresa ngazini
na haikunilemea hivyo.
Posho ilipofika, ya miezi miwili kwa mpigo,
ilipita mkononi mwangu tu, ikielekea Mayungu.
Tangu hapo napaka mara mbili,
hata kiungo alichochoma Fundi. Yeye hucheka.

Hayo yote, bwana, na wewe una mstari mmoja.
Nikaandika: Mafriji.
"Mafriji tu?"
Mafriji tu.

Akagonga muhuri.
Juu ya kichwa chake kiyoyozi kilitetema,
kikanyamaza pumzi mbili, kikatetema tena,
na ndoo ya rangi chini yake ikapokea tone.
Nilikuwa nakihesabu tangu niketi.
"Mpira wa maji umeziba," nikasema,
"na beringi ya feni inakufa. Haimalizi wiki mbili."
Akainua macho, mara ya kwanza asubuhi ile.
"Nani kakwambia?"

Nikaitafuta fomu nimwonyeshe.
Alikuwa ameshaifungia kwenye faili.