Dakika Tatu

Mheshimiwa mwenyekiti, naitwa Nyemo Chilongani,
nakamua alizeti Kibaigwa, nyuma ya mizani ya soko.
Nimeambiwa nina dakika tatu.
Moja imeishia kwenye kitufe cha kipaza sauti.

Mafuta haya nimeyakamua juzi.
Chupa ilikuwa ya maji, samahani.
Yainueni dirishani: rangi hiyo sikuitia mimi,
ni jua la Kongwa, miezi minne, bila ujira.

Lori la madumu ya manjano likishusha mzigo sokoni
mashine yangu hupata habari kabla yangu.
Inanyamaza.
Wakulima wanapita, bei hawaulizi,
wananitazama mikono: ina grisi, au imekauka?
Mwaka jana Mbeleje alirudi nyumbani na magunia yake sita
akawamwagia kuku.
Kuku walinenepa. Binti hakurudi shule.

Basi nimekuja kusema: pandisheni ushuru.
Nimeliandika hapa, mstari wa kwanza, kwa wino.

Lakini jana nililala Majengo kwa dada yangu Sechelela,
anayeamka saa tisa usiku kukaanga maandazi.
Dumu lake ni la manjano.
Nililiona. Akaniona nikiliona.
"Pandisheni," akasema, "nami nitalipunguza andazi
mpaka mtoto wa watu anunue harufu."
Nikala matatu. Yalikuwa matamu.

Na mkanda wa mashine yangu, niseme kweli,
umevuka bahari. Na beringi pia. Na ile nati ndogo
inayopotea kila msimu ukichanganya.
Na mwaka ule mpaka ulipofungwa ili mahindi yasitoke,
kaka yangu alifungiwa ndani
na magunia mia, na dumuzi.
Dumuzi hawakuomba kibali.

Kwa hiyo, mheshimiwa, lango sijui nikuombe ulifunge
au uliache wazi.
Mabwana waliotangulia wamebishana vizuri,
huyu soko huria, yule tulinde vya kwetu,
kama wageni wanaogombania komeo
la nyumba wasiyolala.

Uwanja uwe sawa, wamesema.
Umeme umekatika mara mbili wiki hii, gunia likiwa nusu kinuni.
Mbegu niliyouziwa kwa risiti ilizaa maganda.
Benki inataka hati ya kiwanja;
kiwanja kinamsubiri mpima;
mpima anasubiri mafuta ya gari.
Huo nao ni ushuru. Naulipa mimi,
kabla lori la mtu yeyote halijakaribia mpaka.

Naona taa nyekundu.
Mistari yangu mingine tisa nitarudi nayo.
Chupa nawaachia.
Kifuniko chake hakikazi sawasawa,
msiilaze juu ya karatasi zenu.