Mraba wa Katikati

Kila asubuhi, kabla ya chai,
nafunika jicho zima kwa kiganja
na kuitazama karatasi ya miraba mlangoni mwa friji.
Mistari ya pembeni imenyooka, hiyo sikatai.
Pale kati imelegea, imebonyea,
kama upindo ulioshonwa na mwanafunzi
mwenye haraka ya kwenda kwao.

Mimi fundi. Miaka thelathini na mmoja
napunguza suruali za watu wa Dundee,
napanga marinda ya sketi za wanaume wanaooa,
mraba juu ya mraba, rinda kwa rinda.
Nikisema umepinda, umepinda.
Nilikuwa nikiaminiwa.

Februari pazia la jicho lilibanduka.
Wakalirudisha, wakajaza gesi,
wakaniamuru kulala kifudifudi siku saba.
Wageni nikawajua kwa viatu.
Rukia, mtu mzima na kazi yake benki,
alilala chali sakafuni chini yangu
ili nimwone uso nikinywa supu kwa mrija.

"Limeshika," akasema Daktari Iyer.
Limeshika kweli, kama bitana iliyopigwa pasi.
Lakini ndani ya bitana, maji.

Basi matone, mara nne kwa siku, miezi mitatu.
Kisha vidonge vilivyonitia ganzi vidoleni
na kuifanya chai ionje chuma.
Kisha sindano.
Mkuki kwa nguruwe!
Nimedunga vitambaa umri wangu wote
bila kuvijulia hali.
Muuguzi Morag hunishika mkono:
tazama juu, mama, tazama saa.
Saa yenyewe siioni.
Naona wino ukichanua taratibu ndani ya maji.

Mia tano na kumi na mbili.
Mia nne na sitini.
Mia tano na tatu.
Si pesa hizo. Ni unene wa kitovu cha jicho langu,
kwa kipimo ambacho futi yangu haikijui.
Kwenye picha ni kilima.
Nimejifunza kukichukia kilima
kisichofikia unene wa kifungo cha shati.

Septemba wakanitia punje ya dawa,
ncha ya uzi tu, iyeyuke humo humo polepole.
"Tutaona," akasema daktari.
Nikacheka peke yangu.

Jana: mia tatu themanini na tisa.
Rukia alitaka kupiga vigelegele ndani ya lifti,
nikamfinya.
Maji haya yamewahi kushuka, yakarudi
kama mgeni aliyesahau mwavuli.

Tukapita kando ya mto Tay.
Tangu Juni daraja la magari lilikuwa na kibyongo,
pale pale kati, magari yakipanda na kushuka
juu ya nundu nisiyoweza kumwonyesha mtu.
Jana kibyongo kimepungua.
Au nimekizoea.

Suruali ya Bwana Lennox ingali mezani.
Nimeulamba uzi, nimefumba macho yote mawili,
kidole kimelitafuta tundu na kulipata.
Upindo nitaupima kwa futi.
Mara mbili. Halafu nitamwita Rukia.