Daftari la Zabibu

Nilikuwa nahesabu kreti.
Machi, halafu Agosti, mavuno mawili,
nimekaa mwisho wa mstari wa mizabibu, kalamu sikioni,
naandika: Yeremia nne, Mama Chedego sita,
wale vijana wa Hombolo kumi na mbili, na uongo wao ndani.

Daftari ni lilelile. Mwandiko ndio si wangu.
Nyuma ya ukurasa wa kreti Nyemo ameandika:
*Jumatatu asubuhi, mia sita. Rangi nzuri.
Jumatatu jioni, mia mbili. Ananificha.*

Ndiyo, nilimficha.
Nesi Foibe alisema, "Maji, mzee, maji,
lita mbili na nusu, mpira usizibe,"
akasema kama mtu ambaye bomba lake halijawahi kukohoa hewa.
Hapa Mpunguzi ikifika Oktoba ndoo ni ya kununua,
na punda wa Lungwa anaijua bei, huja polepole.
Mke wangu apange foleni jogoo la kwanza,
abebe, achemshe, apoze, anipe kikombe,
nikinywe, kishuke, kidondoke mfukoni
kabla kivuli hakijahama mlangoni?
Miaka ya ukame niliinyima mizabibu, nilijua kuinyima.
Nikadhani kujinyima ni kazi ileile.
Mzabibu hunyauka kimya.
Kibofu hakijui kunyamaza.

Sikuzaliwa na mkia.
Nimeupata uzeeni, tena mbele.
Unafungwa pajani kwa mkanda,
unabadilishwa kila mwezi ukiisha, na siku hiyo
natazama dari ya hospitali, nahesabu misumari.
Ipo arobaini na moja. Mmoja umelegea.

Mjukuu akauliza, "Babu, juisi hiyo ya nani?"
Nikamwambia mwenyewe atakuja kuichukua.
Akakaa kizingitini mpaka jioni kumsubiri.

Kanisani nimehamia benchi la mwisho,
la wachelewaji na wenye madeni.
Wakisimama kuimba nachelewa kusimama,
mkono pajani,
maana mfuko ukijaa una uzito wa mtoto aliyelala
na hutaki aamke mbele za watu.
Mzee Chilongani hunisogelea, ananong'ona:
"Hata mimi nilianza hivyo, kuamka mara sita usiku."
Anataka nimwambie haiumi.
Namwambia nenda kapime. Anageukia mimbari.

Zamani watu wa mradi walituletea mipira myeusi,
kila shina na tone lake.
Nilicheka mpaka nikashika kiuno:
maji yapimwe kama dawa ya macho!
Sasa nalala chali, nasikia tone langu.

Usiku mmoja wa Julai, upepo ule wa kukata masikio,
sikulisikia.
Tumbo likakaza kama ngoma iliyowambwa upya.
Jasho, na baridi yote ile.
Hospitali ni mbali, pikipiki ya Masinga haina taa,
nikaanza kumwambia Nyemo alipo fundi wa jeneza aliye nafuu.
Hakunijibu. Alipiga magoti,
simu ameiuma kwa meno, mwanga wake ukicheza ukutani,
akaufuata mpira kwa vidole, pajani, gotini, chini ya blanketi,
vile anavyofuata mpira wa shambani
akitafuta panya alipotafuna.
Miaka thelathini na nane
na sikuwahi kuiona mikono yake kwa karibu hivyo:
kovu la mundu, kucha ya kidole gumba iliyogoma kuota.

Akaitoa simu mdomoni.
"Umeulalia."

Basi. Ulikuwa umejikunja chini ya paja langu.
Akaunyoosha,
na maji yakashuka, sauti ndogo,
ya mfereji ukizibuliwa alfajiri.
Hatukusema kitu. Nililia kidogo, nikasingizia baridi.
Yeye alicheka, lakini kesho yake, jikoni, peke yake.

Daftarini, chini ya kreti za mwaka ule wa mvua nyingi:
*Jumatano, saa nane usiku. Mia tisa.
Mjinga ameulalia.*