Hatua ya Uvumbuzi

Kazi yangu ni kukataa.
Ghorofa ya tatu, Ofisi ya Hataza, Riga,
dirisha linalotazama reli ya tramu na ukuta wa kiwanda cha mkate,
mimi na muhuri wangu mwekundu
tunapokea ndoto za watu katika nakala tatu.

Novemba peke yake:
kijiko chenye feni mkiani, cha kupoza supu
(mchoro ni safi, supu iko kwenye tai ya mvumbuzi);
saa ya kengele inayokimbilia uvunguni
ili uisake kwa magoti na ghadhabu, usingizi ukuishe;
soksi za sumaku zisizopoteana,
za kijana mmoja wa Jelgava
aliyekuja kwa magongo, maana zilipendana
akiwa katikati ya ngazi.

Nacheka, sikani.
Kisha nauliza yale matatu ya sheria:
Ni kipya? Kinatengenezeka kiwandani?
Kina hatua ya uvumbuzi,
hatua ambayo fundi wa kawaida asingeipiga?
Wengi hupiga mguu chini papo walipo,
kama askari wa gwaride, wakadhani wamefika.

Imants Krūklis alileta mwavuli.
Fundi piano, miaka arobaini akikaza nyuzi
za shule, za makanisa, za meli moja ya Waswidi.
"Ukiuacha," alisema, "ukasogea hatua saba, unapiga mluzi."
"Kwa nini saba?"
"Ya sita bado unajiambia utarudi."

Nikamweleza kuna Mdenishi aliyemtangulia, kwa kengele.
Kengele!
Akakunja uso kama aliyelamba shubiri.
"Kengele humwita yeyote. Mluzi humwita mmoja."

Niligonga muhuri. Ndiyo, niligonga.
Akafunga vifungo vya koti, kimoja kikakosa tundu lake,
akasema asante, akatoka.
Mwavuli ukabaki umeegemea kabati la faili.

Nilihesabu nyayo zake kwenye sakafu ya mbao.
Ya saba, ukalia.

Lo, mluzi ule!
Mwembamba kama uzi unaotafuta tundu la sindano,
juu, juu zaidi,
Dzidra wa chumba cha pili akaziba masikio, chai ikamwagika,
mbwa wa mlinzi akabweka huko getini,
na Krūklis akaendelea kushuka ngazi.
Hakugeuka. Hata bega.

Nikaunyakua, nikamkimbilia.
Nilipomkaribia ukakatika ghafla,
kama mtoto aliyebebwa.

Akanitazama mimi, akautazama mwavuli.
"Haukulia," alisema polepole.
"Ulilia."
"Sikusikia kitu."
"Ulilia, Bwana Krūklis. Jengo zima."

Hapo nikamwona akipiga hesabu isiyo ya hatua:
sikio kwenye nyuzi mwaka hadi mwaka,
na noti za juu zikimtoka moja moja
bila kuaga,
kama wapangaji wanaohama usiku.

"Niimbie," alisema.
Mimi! Kwenye kwaya ya shule
walinipa kazi ya kugeuza kurasa.
Lakini niliimba, palepale ngazini,
karani wa serikali mwenye wino vidoleni,
nikauiga ule mluzi kwa sauti nzito niliyojaliwa,
naye akaweka vidole viwili kooni pangu, kwa adabu,
kama anayegusa piano ya watu.

"La," alisema. "Ni la.
Nimeitega juu mno."
Kisha, akiwa amegeukia ukuta:
"Nilidhani naisikia."

Dzidra alikuwa juu, anachungulia, kikombe mkononi.
Sote watatu hatukujua la kufanya na mikono yetu.

"Nitaishusha," alisema. "Alhamisi nakuletea."

Fomu yake nimeirudisha chini ya rundo.
Muhuri haufutiki, nimejaribu kwa raba.

Nje ilikuwa mvua iliyochanganyika na theluji.
Nilimwona kutoka dirishani akivuka reli kichwa wazi,
mwavuli umefungwa, uko kwapani,
ameufunika kwa ubavu wa koti
usije ukalowa.