Ubaoni, Kilembe

Uzito naujua. Nimeupandisha mlimani tangu nina miaka sita,
dumu la maji ya Nyamwamba mgongoni,
kamba ikipita kwenye paji la uso,
na kabla ya kitabu chochote nilijua
kwamba njia ya kuzunguka huchosha polepole
na ya mkato hukata pumzi.

Ila niite ubaoni.
Niite, "Ithungu, tafuta kani,"
na mlima wote unafutika.
Chaki inalowa jasho. Herufi F
inasimama mbele yangu kama askari wa geti
akidai kitambulisho.

Nyuma yangu wanapumua wenzangu hamsini na wanane.
Kuna kicheko hakijachekwa bado;
nakisikia kinavyojikusanya.

Shangazi alisema, kwa wema, akinipakulia bundu:
"Hesabu za namna hiyo hazikai kwetu wanawake. Usijiumize."
Nilimeza vyote viwili.
Bundu lilisagika.

Basi nikawa bingwa wa kukariri.
Kani ni tungamo mara mchapuko,
naisema hata usingizini,
kama salamu kwa mtu nisiyemjua.

Jumanne ile Mwalimu Thembo alichora kitoroli cha mgodi,
reli zikiinama kuelekea bondeni,
akakokotoa, akakokotoa,
na kitoroli kikaanza kupanda chenyewe.
Hakufuta. Hakukohoa.
Alisema, "Hapa nimepotea. Tungojeni kidogo."

Mwalimu! Amepotea!
Mvua ikapiga mabati, ikanyamaza.
Hakuna aliyekufa.
Alisimama na unga wa chaki puani
kama mtu anayetafuta ufunguo nyumbani kwake,
bila haraka, bila aibu,
na katika ukimya ule kitoroli kikageuka dumu,
kamba ikanibana kipajini,
nikasikia sauti, yangu:
"Umeuelekeza uzito juu, mwalimu.
Uzito haupandi. Ungepanda, ningejua."

Wakacheka, ndiyo. Kile kicheko kilifika.
Kilikuwa kidogo kuliko nilivyokipima.

Yeye aliutazama ubao, si mimi.
"Ee," alisema. "Kweli."
Akaufuta mshale kwa kidole gumba.

Mtihani uliofuata nilipata arobaini na tatu,
Shangazi akaguna, akaniongezea mboga.
Lakini jioni, na dumu mgongoni,
nilisimama kwenye kona ya Kabugho muuza mihogo,
pale njia inapoinuka ghafla,
nikaitafuta ile pembe kwa wayo wa mguu.