Pambizoni

Mimi karani wa mizani, ghala la korosho, Nachingwea.
Mizani ya magunia, si ya mashairi;
hiyo ya pili nilifundishwa baadaye
na mtu nisiyemjua sura.

Kitabu kililetwa na konda wa basi la Masasi,
kimefungwa kwenye mfuko wa salfa uliokung'utwa vibaya.
Kila nikifunua, vumbi la njano, chafya.
Jalada hakuna. Juu ya ukurasa wa kwanza, kwa penseli:
*Ukimaliza mpe mwingine. Ukikikalia, Mungu anakuona.
Libaba, fundi pikipiki, Newala.*

Nilisoma kwa tochi ya simu hadi chaji ikakata,
nikaendelea alfajiri dirishani,
nikaenda kazini macho mekundu,
nikampunja mkulima kilo mbili kwa kusinzia,
nikamkimbilia hadi barabarani kumwomba radhi.

Sikuwa nasoma peke yangu.
Somoe wa Mikindani alishapita: yeye hukunja pembe za kurasa
kama anayefunga sambusa,
dhambi ambayo nilimwandikia wazi kuwa sitaisamehe.
Kuna mwingine, hakutaja jina, wino wa kijani;
shujaa akifungua tu mdomo, yeye huandika *Mwongo*.
Ukurasa wa 40, *Mwongo*. Wa 63, *Mwongo huyu*.
Wa 112: *Hapa kasema kweli, ndiyo maana kaachwa.*
Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Na Libaba, dole gumba la oili penye kila aya tamu.
Ukurasa wa 88, pembeni, ameubana ubeti mzima:

*Ukifika hapa soma, polepole usikate,
Nimerudi nyuma nyuma, neno moja nilipate,
Mjane alipohema, nilimeza kavu mate,
Spana imenidondoka, mteja ananingoja.*

Nikahesabu kwa vidole.
*Spana* ina silabi mbili au tatu?
Tulibishana hilo miezi miwili,
kwa pambizo za vitabu vitatu.

Maana vilifuata vingine. Vikapanda Newala, vikashuka Mikindani,
kimoja kikalowa, kikarudi kimevimba kama andazi.
Masika yalipokata barabara
kitabu kikalala Ndanda siku kumi na tisa,
nami nikawa mtu wa kununa bila sababu ya kumwambia mtu.

Kisha tukaafikiana: Jumamosi, stendi ya Masasi, kwa muuza ming'oko.
Nilitafuta mwanamume mwenye dole jeusi. Sikumwona.
Libaba alikuwa ameisugua mikono kwa sabuni ya unga mara tatu,
kwa heshima yetu, akapotea
katikati ya watu wenye mikono safi.
Somoe hakuja, zamu ya usiku ilimnasa.
Wino wa kijani ukawa Bi Ajaba Nandonde, mkunga wa Lukuledi,
sauti ndogo kama ya mgeni anayeomba maji.
"Mimi ndiye ninayewatukana," akasema, akaketi.

Tulimenya ming'oko, tukagombana kuhusu yule mjane.
Angerudi kwao? Asingerudi?
Libaba alisimama kutetea hoja, chumvi ikamwagika.
Basi langu lilipiga honi, likaondoka na kiti changu.

Nilirudi na lori la magunia, na njiani ndipo nikagundua:
sikumuuliza Libaba ana watoto wangapi.
Bi Ajaba hakuniuliza mimi ni mke wa nani.

Lakini wiki niliyomzika mama
kitabu kilikuwa kwangu, na sikuwa na la kuandika,
nikaweka tarehe tu, ukurasa wa 151,
nikakipeleka stendi kama kawaida.

Jana kimerudi.
Kando ya tarehe, dole la oili, ingawa aya hiyo si nzuri.
Wino wa kijani umeweka nukta, ukanyamaza.
Na Somoe ameikunja pembe, ameikunja hasa, mara mbili.

Sijaikunjua.